Mlango wa Pili wa Ntoto

Wiki niliyorudisha beji yangu nilimsikia mmoja wenu, ninyi vijana wa kitengo cha kompyuta, akilalamika kwenye korido. Alisema ile kode ya tarakimu sita inayodaiwa baada ya neno la siri ni usumbufu mtupu, imebuniwa na watu waliokosa kazi ya kufanya. Nilipita kimya, maana mtu anayestaafu hapaswi kugombana kwenye korido. Lakini nimeshafika nyumbani Bweremana, nimepumzika, samaki wa ziwani nimewala hadi nimewachoka, na maneno yale bado yamenikaa kooni. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Mimi nilianza kwenye foni. Wengi wenu hamkuikuta. Ilikuwa redio ya mezani yenye antena ya waya uliofungwa kati ya miti miwili, na kwayo Goma iliongea na vituo vyetu vya Masisi na Walikale. Mkuu wake alikuwa Papa Deo, mtu mfupi, mpole, anayetia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama. Siku yangu ya kwanza sikuruhusiwa kugusa kitufe. Alinikalisha karibu naye nisikilize tu, tangu asubuhi hadi jioni, na nilipouliza nisikilize nini, aliniambia nisikilize ni nani mwingine anayesikiliza. Nilidhani ananitania. Baadaye nilielewa kwamba kila tulichosema hewani kilisikika na yeyote mwenye redio kama yetu, na msituni redio kama zetu zilikuwepo.

Kazi yenyewe mnaijua, ila nairudia kwa ajili ya anayesoma bila kutufahamu. Tulikuwa tunatafuta familia za watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, na zaidi wale waliotoroka kutoka kwa wenye silaha. Mtoto wa namna hiyo hukumrudisha kwao moja kwa moja, kwa sababu waliokuwa naye wangemfuata. Ulimweka kwanza kwa familia ya kumlea, sehemu kama Kashuga, kwenye kambi za waliohama, ambako mtoto mmoja zaidi haonekani. Nyumba anayolala ilijulikana kwa walezi na kwa rejista yetu. Kwa hiyo aliyeipata rejista aliwapata watoto wote kwa siku moja.

Papa Deo alikuwa haisikii vizuri ile chai ikimiminwa upande wake wa kushoto. Kabla sijaanza kazi, wenye silaha waliingia kituo alichokuwa akikilinda, wakataka saa na masafa tunayotumia hewani. Alikataa kusema. Walimpiga na kitako cha bunduki, sikio likafa. Wakubwa walimsifu kwa hotuba. Yeye hakuwahi kulisimulia jambo hilo kama ushujaa, na mtu akilianzisha alibadilisha mazungumzo.

Kisha zikaja kompyuta. Rejista ikahamishiwa kwenye seva moja, iliyokaa Goma katika chumba kidogo chini ya ngazi, na feni ya mezani ikiipuliza kama mgonjwa wa homa. Vituo vya mbali vilipewa antena ya setilaiti, paneli za jua na kompyuta moja moja. Mhudumu wa kituo alifungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akaandika jina lake na neno lake la siri, na tayari alikuwa ndani ya seva ya Goma ingawa miguu yake iko matopeni Walikale. Tulifurahi sana. Hakuna tena kusoma majina ya watoto hewani. Papa Deo, ambaye foni yake ilikuwa inamfia mikononi, hakunung'unika hata kidogo. Alijifunza kompyuta kwa kidole kimoja na akawa mzuri kuliko wengi.

Ni yeye aliyeuliza swali ambalo sisi wote tuliliruka. Aliuliza mhudumu akiwekewa bunduki kichwani, akaulizwa neno la siri, afanye nini. Shefu wetu, mkuu wa kazi yote ya watoto, mtu msomi na mwenye nia njema, alisema waziwazi kwamba mhudumu asilitoe, na kwamba hilo litaandikwa kwenye kanuni. Papa Deo aligeuza lile sikio lake zima upande wa shefu, kana kwamba hakusikia sawasawa, kisha akanigeukia mimi.

«Mama Zawadi, muntu hawezi kufa juu ya neno. Tafuta namna ile neno ikishatoka, mulango ibakie ya kufunga.»

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na kwangu hiyo ndiyo kazi iliyonipa jina zaidi ya karatasi zote za ofisi. Mlango wa kwanza ni neno unalolijua. Mlango wa pili ufunguliwe na kitu ulicho nacho, ambacho mtu hawezi kukitoa kichwani mwako hata akikupiga.

Tulianza kwa njia iliyokuwa rahisi: ukiandika neno la siri, seva inatuma kode kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi. Goma ilikwenda vizuri. Kashuga vizuri. Ntoto, ndani ya Walikale, tukakwama. Pale mhudumu wetu alikuwa Bahati, mwana wa wawindaji, aliyesoma ualimu kisha akaona kompyuta akaacha chaki. Ntoto ilikuwa na antena yetu ya setilaiti, lakini rezo, yaani mtandao wa simu, ilipatikana juu ya kilima tu, ng'ambo ya kanisa. Kode ilifika kilimani, kompyuta iko bondeni, na kabla hujashuka kode imeshakufa.

Watu wa pale hawashindwi na kilima. Kwao kuitana kutoka mlima hadi mlima ni jambo la kila siku. Wawindaji hupeana habari za mnyama namna hiyo, na akina mama waliomo shambani hupokezana salamu hadi zifike kijijini. Basi Bahati akamweka mkewe kilimani na simu. Ujumbe ukifika, mama yule alipaza sauti: nne, saba, moja. Mwanamke aliye katika shamba la mihogo katikati akapokea na kuipeleka chini. Bahati akaandika. Ilifanya kazi bila kosa, na ripoti za Ntoto zikawa za kwanza kufika kila wiki, mpaka shefu akaandika barua ya pongezi.

Nilikwenda kuwatembelea. Sokoni mama mmoja muuza ndizi alinisalimia, akaniuliza kama ni mimi mwenye zile namba, maana za jana zilimpendeza, zilikuwa zinaimbika. Nikamwomba anitajie. Akazitaja zote sita, akicheka. Nilicheka naye mpaka machozi, halafu nikaketi juu ya kiroba cha mtu. Siri yetu ilikuwa inaimbwa milima miwili.

Nikaacha ujumbe mfupi kabisa. Iko programu ndogo ya simu ambayo haihitaji rezo. Siku ya kwanza seva na simu hupeana mbegu moja ya siri, mara moja tu. Tangu hapo kila mmoja peke yake huichukua mbegu hiyo, hutazama saa, hupiga hesabu na kupata tarakimu sita zilezile, zinazobadilika kila nusu dakika. Hawaongei kamwe, na bado wanapatana. Nilipomweleza Papa Deo, alisema inafanana na yeye na mkewe Jumapili, wakitoka kanisani kila mtu kwa njia yake na kukutana mezani.

Hapa nawaachia ushauri wa mikono, na huu mniamini. Unapoweka mlango huu kwenye seva, usifunge dirisha ulilokwisha kuingia nalo. Liache wazi, fungua la pili, jaribu kuingia upya na kode. Likikubali ndipo ufunge la kwanza. Mwenzetu wa shirika jirani alilifunga mapema, akabaki nje ya seva yake mwenyewe, na ikabidi afunge safari ya matope kwenda kuigusa kwa mkono. Tulimcheka ipasavyo.

Ntoto ikatusumbua tena. Kode zilikataliwa. Ilikuwa saa: pale betri ya simu hutolewa ikachajiwe peke yake, na ikirudishwa simu inaamka imesahau tarehe, wakati mwingine imesahau na mwaka. Bila saa sahihi, hesabu haipatani. Bahati akapata dawa mwenyewe. Kila asubuhi, redio ikipiga mlio wa kuanza habari, alikuwa amesimama na simu mkononi, kidole tayari, na ulipolia tu alibonyeza saa. Majirani walidhani ni sala.

Likabaki swali la mahali pa kuiweka simu. Simu na kompyuta zikikaa pamoja, anayevamia anachukua vyote viwili, na mlango wa pili haupo. Nikaweka kanuni kwamba vikae pamoja pale tu mtu anapoingia kwenye seva, basi. Kwa Ntoto jibu lilikuwa tayari limejengwa: duka la Papa Kasereka, Mnande wa Butembo aliyeuza sabuni, chumvi na betri, na kuchaji simu za kijiji kizima kwa paneli zake. Simu zilipangwa kwenye rafu chini ya rozari, kila moja na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Ya Bahati ilikuwa katikati yazo, mbovu kama nyingine.

Wasiwasi nilikuwa nao, sitawaficha. Nusu ya ufunguo wetu kuiachia duka la chumvi? Siku moja, nikiwa Ntoto, nikaenda kuichukua simu ile mwenyewe, nikajitambulisha kuwa ni mkuu wa Bahati kutoka Goma, na beji nikaionyesha. Papa Kasereka aliisoma beji kwa heshima, akanipa kiti, akanipa na soda. Simu hakunipa.

«Hapa simu iko sawa na mutoto mwenye mama yake alienda ku shamba,» aliniambia. «Mama njo anarudia kumukamata. Hata kama shangazi anakuja na gari, namwambia angoje.»

Nikamuuliza kama basi mke wa Bahati angeweza kuichukua. Akanijibu kwamba mke wa Bahati alishajaribu. Nilikunywa soda yangu, nikarudi kituoni, na wasiwasi ukaisha. Tangu siku hiyo nilimhesabu Papa Kasereka kama sehemu ya mfumo, ingawa kwenye mchoro niliopeleka kwa shefu nilimwandika kwa heshima zaidi, kama «sehemu ya pili ya hifadhi».

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa Goma mbele ya seva, na Papa Deo karibu nami na chai yake. Katika seva iko kumbukumbu ya kila anayebisha hodi. Nawaomba muizoee kuisoma kama mnavyosoma ujumbe wa wapenzi wenu. Nikaona jina la Bahati. Neno la siri: sahihi. Kode: si sahihi. Nikadhani saa imemchezea. Ikaja tena: neno sahihi, kode si sahihi. Na tena, haraka haraka. Bahati hakuwa mtu wa haraka. Wakati huohuo foni ya zamani, ambayo Papa Deo alikataa izimwe, ikakoroma sauti ya kituo cha Masisi: Ntoto imeingiliwa na wenye silaha tangu alfajiri, watu wanakimbia.

Nilielewa yote kwa mara moja. Kompyuta yetu iko mikononi mwao, antena imewashwa, katikati yao yuko mmoja anayejua kompyuta, na Bahati amekaa mbele yao. Walikuwa wanawatafuta watoto wa Kashuga.

Shefu aliingia mbio. Akataka nifunge akaunti ya Bahati papo hapo. Kwa kitabu alikuwa sahihi kabisa, na siku nyingine yoyote ningefanya hivyo kabla hajamaliza sentensi. Lakini nilifikiria kitakachoonekana kule kwenye dirisha jeusi. Nikiifunga akaunti, neno la siri la Bahati litaanza kukataliwa. Yeye amewaambia ukweli, na mimi kutoka Goma nitamfanya mwongo mbele ya bunduki.

Nikamwambia shefu hapana. Nilifanya jambo moja tu: niliifuta ile mbegu ya Bahati kwenye seva, nikaweka nyingine isiyojulikana na simu yoyote duniani. Mlango wa kwanza niliuacha wazi makusudi, ili kila wakijaribu waone kwamba mtu huyu hakuwadanganya. Mlango wa pili sasa haukuwa na ufunguo. Watoto walikuwa salama, hata kama wangeipata simu.

Na hapo ndipo palipobaki mwiba. Kama wangeipata simu, kode yake halali ingekataliwa pia, na wangeamini kwamba Bahati amewachezea. Maisha ya Bahati yalikuwa kwenye rafu ya duka la chumvi, nami sikuwa na kitufe cha kulifikia duka. Papa Deo aliweka kikombe chini. Hakunywa tena siku hiyo.

Majaribio yaliendelea, yakapungua, yakakoma. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko majaribio. Kashuga tuliiambia iwahamishe watoto kwa tahadhari, ikawahamisha. Kuhusu Ntoto hatukujua kitu.

Nilipata nafasi kwenye gari la kwanza lililokubali kwenda Masisi. Waliokimbia Ntoto walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa shule, na kabla sijamuuliza mtu nikamwona Papa Kasereka amekaa kwenye ngazi za darasa, miguu imevimba, gunia kati ya magoti yake. Watu walipanga mstari mbele yake. Sabuni zake, chumvi yake, paneli zake, vyote aliviacha kule. Alichobeba mgongoni kupitia msitu ni simu za watu. Aliziita kwa plasta, moja moja, na mwenyewe alipojitokeza alimkabidhi na kuuliza habari za nyumbani. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono. Aliitoa simu ya Bahati, akaitazama, akairudisha guniani.

«Mama Zawadi, unanijua. Mwenyewe iko wapi?»

Sikujua mwenyewe yuko wapi. Nililia pale mbele ya mstari mzima, bila haya, na yeye akaendelea kulishika gunia, macho yake yamejaa machozi pia. Hakuipa simu ile kwa mtu yeyote siku hiyo, wala kesho yake.

Bahati aliingia uwanjani akiegemea fimbo, na mkewe pembeni. Jicho moja lilikuwa limefunga, ila alitembea. Alituona, akaja moja kwa moja kwangu, wala hakusalimia.

«Nilibapatia modepasi, ile neno ya siri, Mama,» akasema. «Balinipiga kidogo, nikabapatia yote. Sikungoja.»

Nikamwambia amefanya vizuri, ndivyo tulivyopanga, na kwamba hawakuingia. Alinitazama kama hasadiki. Kisha akatusimulia. Neno lilikubaliwa, dirisha likadai kode, wakamuuliza kode iko wapi. Akawaambia ukweli tena: kwa Kasereka, kwenye rafu. Wakaenda wakakuta duka wazi na rafu tupu. Yule wao anayejua kompyuta ndiye aliyemaliza mambo. Aliwaambia wakubwa wake kwamba mtu huyu amesema kweli tangu mwanzo, kitu wanachokitaka kimeshaingia msituni mgongoni mwa mtu mwingine, na kumuua hakutaleta tarakimu. Wakachukua kompyuta na paneli, wakamwacha amekaa chini.

Papa Kasereka alisikiliza hadi mwisho, akaingiza mkono guniani, akatoa simu, akaifuta vumbi kwenye shati lake.

«Kamata, kaka. Betri ingali imejaa.»

Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja. Palepale, juu ya ngazi za darasa, nilifungua kompyuta yangu, nikampa Bahati mbegu mpya. Mlio wa habari ulisikika kwenye redio ya mtu, akabonyeza saa. Akaandika neno jipya la siri, akaandika kode, na seva ya Goma ikamfungulia. Rejista ilikuwa kama alivyoiacha. Hakuna mtoto hata mmoja aliyefuatwa. Papa Deo, kwenye foni, aliniomba nirudie habari hiyo polepole upande wa sikio lake zima, na nilipomaliza alisema tu kwamba sasa atakunywa chai. Shefu naye, niseme haki, niliporudi Goma alikuja akanipa mkono mbele ya wote, na ile kanuni yake ya zamani akaifuta kwa kalamu yake mwenyewe. Iliyowekwa badala yake bado ipo, na ninyi mnaisoma siku ya kwanza: ukiulizwa neno la siri kwa bunduki, litoe.

Siku yangu ya mwisho kazini nilifanya uchokozi. Binti mwenzenu anayekaa sasa kwenye kiti changu alikuwa ameshaifuta mbegu yangu, kama nilivyomfundisha, lakini neno langu la siri lilikuwa bado halijaondolewa. Nikakaa, nikaandika jina langu, nikaandika neno langu. Likakubaliwa. Nikaandika kode kutoka kwenye simu yangu. Seva niliyoilea miaka yote hiyo, chini ya ngazi, na feni yake, ikanikatalia. Nikajaribu tena kwa kuibembeleza. Ikanikatalia tena. Yule binti alisimama nyuma yangu akiniangalia, mikono kiunoni, na aliponiuliza kwa adabu kama mama anahitaji msaada, nilijua naweza kwenda nyumbani.

Asubuhi ile ya Ntoto binti huyo alikuwa mtoto, analala kwenye moja ya nyumba zile za Kashuga, na nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya rejista. Aliniruhusu niandike hayo. Ruhusa ya kulitaja jina lake sikumwomba, na hapa silitaji.